Alfred Wegener: Mtu Aliyesema Mabara Yanatembea

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimepewa nafasi niwasimulie maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Najua wengi mlitarajia nichague mshairi au mpigania uhuru. Mimi nimemchagua mwanasayansi, Alfred Wegener, Mjerumani aliyefia barafuni mwaka 1930.

Jina lake si geni kwetu. Katika somo la Jiografia mwalimu huandika ubaoni kwamba zamani mabara yote yalikuwa bara moja, jina la Wegener likatajwa mara moja, kisha tukafungua ukurasa mwingine. Lakini nyuma ya mstari huo mmoja kuna kisa kizito. Mtu huyu alikataliwa na mabingwa wa elimu ya miamba kwa karibu miaka hamsini, na waliomkataa hawakuwa wajinga. Alisema kweli kuhusu jambo lililotokea, ila hakuweza kueleza ni kitu gani kililisababisha. Jibu lilikuwa chini ya bahari, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu lililokuwa limefika. Hebu tufuatane naye polepole.

Alfred Lothar Wegener alizaliwa Berlin tarehe 1 Novemba 1880. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu wa lugha za kale, na Alfred alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Alisomea elimu ya nyota, akapata shahada ya udaktari mwaka 1905. Ajabu ni kwamba baada ya kusoma miaka yote hiyo aliziacha nyota akageukia hali ya hewa. Kijana huyu hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alipenda kupanda milima, kuteleza juu ya theluji na kuruka angani kwa baluni. Mwezi Aprili 1906, yeye na kaka yake Kurt walikaa hewani ndani ya baluni kwa saa 52 na nusu mfululizo, wakaivunja rekodi ya dunia ya wakati huo. Walikuwa wakipima hali ya hewa huko juu, na baridi iliwatesa kwelikweli.

Mwaka huohuo alijiunga na msafara wa Wadenmark kwenda Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu. Huko alijenga kituo cha kupima hali ya hewa, akawa anarusha vishada na baluni zilizobeba vyombo vya kupimia. Alikaa miaka miwili. Kiongozi wa msafara ule, Ludvig Mylius-Erichsen, alifia barafuni mwaka 1907 pamoja na wenzake wawili. Kwa hiyo tangu ujana wake Wegener alijua vizuri kwamba Greenland haina mzaha. Hata hivyo alirudi huko mara tatu zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo lililompa jina. Alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Marburg. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1910 alikuwa akitazama atlasi mpya ya rafiki yake, na jicho lake likanasa pwani mbili: pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini na pwani ya magharibi ya Afrika. Zilionekana kama vipande vya kitu kimoja. Wewe na mimi tumeliona jambo hilo darasani, na watu wengine waliliona kabla yake. Tofauti ni kwamba Wegener hakuishia kushangaa. Mwaka uliofuata, akiwa maktabani, alikuta maandishi kuhusu mabaki ya viumbe vya kale waliogeuka mawe, viumbe wa aina moja waliopatikana pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki. Mmoja wao ni Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini. Mabaki yake yako Afrika ya Kusini na Brazil. Mnyama mdogo kama huyo angewezaje kuivuka bahari kuu?

Wataalamu wa siku zile walikuwa na jibu lao tayari. Walidai kwamba hapo kale kulikuwa na madaraja ya nchi kavu kati ya mabara, wanyama wakavuka, kisha madaraja yakadidimia baharini. Jibu linapendeza, lakini Wegener alilikataa, na sababu aliyoitoa ndiyo iliyonifanya nimheshimu.

Alitazama vipimo vya urefu wa nchi kavu na vya kina cha bahari. Akagundua kwamba sura ya dunia ina ngazi mbili kuu. Sehemu kubwa ya nchi kavu iko karibu na mita 100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari iko karibu na mita 4,700 chini yake. Kama sakafu ya bahari ingekuwa ni nchi kavu iliyozama tu, tungekuta kina cha kila namna, kikienea polepole kutoka juu hadi chini. Ngazi mbili maana yake ni vitu viwili tofauti. Mabara ni miamba myepesi ya jamii ya itale, na sakafu ya bahari ni miamba mizito ya jamii ya basalti. Mabara yamekaa juu ya miamba mizito kama mtumbwi unavyokaa juu ya maji. Basi mtumbwi mzima usio na shehena utazamaje wenyewe? Kama madaraja hayakuweza kuzama, na wanyama hawakuogelea, lilibaki jambo moja tu: nchi zenyewe zilikuwa pamoja, zikaachana.

Tarehe 6 Januari 1912 alisimama mbele ya wanajiolojia mjini Frankfurt akawaeleza wazo lake. Alikuwa na umri wa miaka 31, na hakuwa mwanajiolojia. Jamani, hebu fikirini. Ni kama mwalimu wa Hesabu aje kwenye chama chetu cha Kiswahili atuambie kwamba ngeli zetu tumezipanga vibaya. Tungemsikiliza kweli?

Hakukaa kungoja makofi wala matusi. Mwaka huohuo alirudi Greenland na Johan Peter Koch wa Denmark. Walikuwa watu wanne tu, na walitumia farasi wadogo kutoka Iceland kuvuta mizigo. Walipitisha majira yote ya baridi juu ya barafu, na Koch alitumbukia katika ufa wa barafu akavunjika mguu. Kiangazi cha mwaka 1913 walikivuka kisiwa kwa upana wake, safari ya kilomita 1,200 hivi. Farasi waliisha, chakula kikaisha, wakalazimika kumla mbwa wao kabla ya kuokolewa. Baada ya kurudi nyumbani alimwoa Else, binti wa Wladimir Köppen. Ndiyo, Köppen yuleyule tunayemsoma katika Jiografia, aliyeyapanga maeneo ya dunia kwa tabia za nchi. Walijaliwa mabinti watatu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wegener aliitwa jeshini. Alijeruhiwa mara mbili, akahamishiwa idara ya hali ya hewa ya jeshi. Katika kipindi hicho cha majeraha aliandika kitabu chembamba kuhusu asili ya mabara na bahari, kikachapishwa mwaka 1915. Alikirekebisha tena na tena, toleo la nne likatoka mwaka 1929.

Ndani ya kitabu hicho alikusanya ushahidi kutoka kila upande. Kuna mmea wa kale uitwao Glossopteris, ambao majani yake yamekutwa katika mawe ya Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini. Kuna alama za mito ya barafu ya kale katika nchi ambazo leo ni za joto. Kuna makaa ya mawe, yaani mabaki ya misitu, katika visiwa vya Spitsbergen karibu na ncha ya kaskazini. Tena kuna safu za miamba zinazokatikia pwani ya Afrika na kuendelea ng'ambo, Amerika ya Kusini.

Mimi hupenda kulieleza hivi. Chukua leso iliyochanwa vipande viwili. Kingo zikishikana, mtu anaweza kusema ni bahati tu. Lakini ukiviweka vipande pamoja, pindo likaendelea bila kukatika, maua yakakutana, na jina la leso likasomeka lote, nani atabisha kwamba ilikuwa leso moja?

Bara lile moja la kale ndilo linaloitwa Pangea. Wegener hakulisahau Bonde letu la Ufa. Aliliona kuwa ni mahali ambapo bara limeanza kupasuka, na kwamba mpasuko wa namna hiyo ukiendelea sana huzaa bahari mpya.

Basi kwa nini walimkataa? Hapa lazima tuwe waadilifu. Ni kweli wengine walimdharau kwa sababu hakuwa mwenzao, na wengine kwa sababu alikuwa Mjerumani wakati vita vimetoka kumwaga damu nyingi. Mwaka 1926 wanajiolojia walikutana New York kuijadili nadharia yake, na wengi wao hawakuikubali. Lakini kulikuwa na swali moja la haki kabisa: ni nguvu gani inayosukuma bara zima? Wegener alitaja nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia na mvutano wa mwezi na jua. Harold Jeffreys wa Uingereza, bingwa wa hesabu, alionyesha kwamba nguvu hizo ni hafifu mno. Jeffreys alikuwa sahihi. Tena Wegener alidhani mabara yanalisukuma gamba la sakafu ya bahari kama jahazi linavyopasua maji, na gamba hilo ni gumu, haliwezi kupasuliwa hivyo. Hata mwendo aliokadiria kwa Greenland, wa mita kadhaa kila mwaka, ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kwa sababu vipimo vya siku zile havikuwa sahihi.

Hata hivyo hakuwa peke yake. Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini alikwenda Amerika ya Kusini mwaka 1923 akaikagua miamba kwa macho yake, naye akaridhika. Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikuwa Msumbiji akitafuta madini na akaugua malaria vibaya, alitoa wazo kwamba miamba moto iliyo chini ya gamba la dunia huzunguka polepole, kama uji unaochemka sufuriani, na mzunguko huo ndio unaoyabeba mabara. Wazo la Holmes lilikuwa karibu sana na ukweli, lakini wakati ule hakukuwa na njia ya kulithibitisha.

Wegener mwenyewe aliendelea na kazi zake. Alifanya majaribio ya kuangusha vitu juu ya unga wa saruji, na mwaka 1921 akaandika kwamba mashimo makubwa ya mwezini yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani, jambo ambalo leo linakubaliwa. Mwaka 1924 alipata uprofesa huko Graz, Austria. Alikuwa na mke, watoto na kazi nzuri. Mtu mwingine angestarehe.

Mwaka 1930 aliongoza msafara mkubwa kwenda Greenland. Nia ilikuwa kuweka kituo katikati ya barafu, kilomita 400 kutoka pwani ya magharibi, kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, ili hali ya hewa ipimwe mwaka mzima na unene wa barafu upimwe kwa mshindo wa baruti. Kituo kiliitwa Eismitte. Barafu ya baharini ilichelewa kuyeyuka, mizigo ikachelewa kushushwa, na magari ya theluji yaliyoendeshwa kwa rafadha yakashindwa kazi. Majira ya baridi yalikaribia huku watu wawili walioko Eismitte hawana akiba ya kutosha.

Wegener hakumtuma mtu. Tarehe 21 Septemba aliondoka mwenyewe, pamoja na mwenzake Fritz Loewe na Wagreenland 13, wakiwa na sleji 15 za kukokotwa na mbwa. Baridi ilikuwa ya kutisha, ikakaribia nyuzi 60 chini ya sifuri. Wagreenland 12 walirudi, na mtu hawezi kuwalaumu. Alibaki mmoja, kijana aitwaye Rasmus Villumsen. Watu hao watatu walifika Eismitte tarehe 30 Oktoba baada ya siku 40. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimeganda, ikabidi vikatwe kwa kisu cha mfukoni bila dawa ya ganzi.

Chakula hakikuwatosha watu watano hadi mwisho wa baridi. Tarehe 1 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener alianza safari ya kurudi pwani pamoja na Rasmus na mbwa 17. Hawakufika. Mwezi Mei 1931 waliowatafuta waliona skii za Wegener zimesimikwa wima kwenye theluji, karibu nusu ya njia. Chini yake waliukuta mwili wake umezikwa kwa uangalifu, umefungwa vizuri na kulazwa juu ya ngozi. Inadhaniwa moyo wake ulisimama kwa uchovu. Rasmus ndiye aliyemzika, akachukua shajara ya marehemu ili aifikishe pwani. Yeye mwenyewe hakuonekana tena, wala ile shajara.

Ndugu msomaji, hapa nasimama kidogo. Wegener amepewa heshima duniani kote. Rasmus Villumsen hatajwi sana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenyeji wa nchi ile, aliyeijua barafu kuliko wageni wote. Angeweza kurudi na wenzake. Badala yake alikubali kwenda, na mwenzake alipokufa hakumtupa, alimsitiri kwanza ndipo akaifuata njia yake peke yake. Habari za wavumbuzi wengi waliokuja hata kwetu Afrika zina watu kama hawa, wapagazi na viongozi wa njia, ambao majina yao yamefutika. Tukimkumbuka mmoja, tumkumbuke na wa pili.

Wegener alikufa nadharia yake ikiwa bado inakataliwa na wengi. Lakini siri ilianza kufunuka kutoka baharini. Zamani kina cha bahari kilipimwa kwa kushusha waya wenye uzito, kazi ya saa nyingi kwa kipimo kimoja. Baadaye vikaja vyombo vinavyotuma sauti chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Meli ya Kijerumani Meteor ilitumia njia hiyo katika Atlantiki kati ya 1925 na 1927. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vipimo vilikuwa vingi mno. Huko Marekani mwanamke mmoja, Marie Tharp, alivichora. Yeye hakuruhusiwa kupanda meli ya utafiti kwa sababu ni mwanamke, basi alikaa mezani na kalamu yake. Mwaka 1952 aliona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya Atlantiki ina bonde lenye kina juu ya mgongo wake, bonde la ufa! Mwenzake Bruce Heezen kwanza alilipuuza wazo hilo. Lakini ramani ya matetemeko ya ardhi ilipowekwa pembeni, matetemeko yalifuata bonde lile hatua kwa hatua. Walipoendelea kuufuata mstari huo wakakuta umeizunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 60,000, umeingia Bahari Hindi, ukapita Ghuba ya Aden, na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kumbe Naivasha na Nakuru zina ndugu chini ya bahari!

Mwaka 1962 Harry Hess alieleza maana yake. Katikati ya bahari, miamba moto hupanda kutoka chini, hupoa na kuwa sakafu mpya, nayo sakafu ya zamani husogezwa kando kando hadi izame tena kwenye mahandaki yenye kina kikubwa. Mabara hayapasui sakafu ya bahari. Yanabebwa pamoja nayo. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walionyesha kwamba miamba ya pande mbili za safu hizo imehifadhi sumaku kwa mistari inayopishana, kwa kuwa sumaku ya dunia hugeuka mara kwa mara. Vipimo walivyotumia vilitoka safu ya Carlsberg, katika Bahari yetu Hindi. Tangu mwaka 1968 meli Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari, ikathibitisha kwamba kadiri unavyokwenda mbali na safu ndivyo sakafu inavyozidi kuwa nzee.

Leo tunajua kwamba karibu sakafu yote ya bahari haijafikisha miaka milioni 200, ilhali dunia ina miaka takriban milioni 4,500. Ukitaka habari za utoto wa dunia usizitafute chini ya bahari, zitafute katika miamba mikongwe ya mabara na katika mashimo ya mwezi, yale yale aliyoyachunguza Wegener. Atlantiki inapanuka kwa sentimita chache kila mwaka, sawa na kucha zinavyokua. Bandu bandu huisha gogo.

Nasi tumo. Mawe ya Mazeras tunayotandaza kwenye njia na nyua zetu yalitokana na mchanga uliolala kabla Madagaska haijabanduka kwenye pwani yetu, takriban miaka milioni 160 iliyopita. Na huko Afar, Ethiopia, mwezi Septemba 2005 ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi katika siku chache tu.

Ninachowaomba wenzangu ni hiki. Mtu akija na wazo lililo nje ya somo lake, tusimcheke, tumwulize ushahidi. Na tukiulizwa sababu ya jambo na hatuna, tusiitunge. Tuseme tulichokiona, kisha tuendelee kutafuta. Wegener alikosea sababu, lakini leso yake iliunganika hivyo hivyo. Walimu wetu, mkifika kwenye ule mstari ubaoni, tunaomba muusimamie kidogo, na jina la Rasmus Villumsen liandikwe kando yake.